Mkeka, Kiwanda na Bidhaa za Kigeni: Msaada wa Serikali kwa Mfanyakazi Aliyepoteza Kazi

Jambo ninalotaka kuwaeleza laweza kuonekana kuwa ni jambo la miji mikubwa na mashine, lisilotuhusu sisi watu wa Pemba tunaoishi kwa karafuu, nazi, mihogo na samaki. Nawaombeni mvumilie kidogo, maana nitaanza nyumbani kabisa, juu ya mkeka.

Mnajua nyote jinsi mkeka wa Pemba unavyofanywa. Bibi hupata ukindu wake, huuanika juani, huuchana, huuchovya katika rangi inayochemka, kisha husuka ukili, pima kwa pima, mara nyingi jioni baada ya kazi za shamba na jiko. Ukili ukitosha, huushona upande kwa upande mpaka mkeka ukamilike. Kazi hiyo huchukua majuma mengi. Halafu dukani huletwa mkeka wa plastiki. Umetoka kiwandani ng'ambo, una rangi za kung'aa, hufutwa kwa kitambaa cha maji, na bei yake ni nafuu. Mwenye duka hakutenda kosa kuuleta. Mnunuzi naye hakutenda kosa kuununua, kwani kila mwenye nyumba yampasa kuangalia fedha yake. Hata hivyo, bibi yule amebaki na mkeka wake begani, wala hapana wa kumwuliza bei.

Tuitazame hesabu ya jambo hili. Watu mia walionunua mikeka ya plastiki, kila mmoja amejipatia nafuu ya shilingi chache. Bibi mmoja amepoteza riziki yake yote. Waliofaidi ni wengi, na faida ya kila mmoja ni ndogo hata hasikii; aliyepata hasara ni mmoja, naye anajulikana kwa jina. Je, huyu mmoja ana haki yo yote juu ya wale wengi? Na kama anayo, nani awezaye kuchukua kidogo katika faida yao na kumpa yeye? Hapana mwenye uwezo huo ila serikali, kwa sababu ndiyo itozayo ushuru bandarini na kodi madukani. Hicho ndicho kiini cha mazungumzo yetu, na yote yatakayofuata ni maelezo yake.

Mfanyakazi wa kiwandani yuko katika hali ile ile ya bibi, ila yake ni nzito zaidi kwa njia mbili. Kwanza, kiwanda kikifungwa hupoteza kazi watu mamia kwa siku moja, nao wote hutafuta kazi mpya katika mji ule ule kwa wakati ule ule. Pili, wengi wao hawana shamba la kurudia. Msusi wa mikeka ana mihogo yake. Mtu wa kiwandani ana mshahara tu, na kodi ya chumba haingoji.

Jambo hili si jipya katika pwani yetu. Zamani watu wa pwani walisokota uzi na kufuma nguo wenyewe. Wachimbaji wa mambo ya kale wameona Kilwa vigurudumu vingi vya udongo vilivyotumiwa kusokotea uzi wa pamba. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa mpaka Misri. Kisiwa cha Pate nacho kilisifika kwa vitambaa vyake. Ufundi huo ulififia kwa sababu nyingi: vita vya Wareno, na nguo za Bara Hindi zilizoletwa kwa majahazi. Kisha ukaja mshindani mwenye nguvu zaidi. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na ushuru wa bidhaa za Wamarekani ukawekwa 5 kwa mia tu. Ndipo merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilipoleta kwa wingi kitambaa kile kigumu kisichopaushwa ambacho mpaka leo twakiita merikani. Jina lenyewe ndilo ushahidi wa mahali kilipotoka.

Merikani ilifumwa kwa mashine zilizozungushwa kwa nguvu ya maji na ya mvuke. Mfumi akaaye mbele ya mtande wake hangeweza kushindana nayo kwa bei. Mwanamaji, mchukuzi wa misafara na mtu wa shamba walipata nguo ya nafuu, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kwa wafumi hapakuwa na daftari lililoandika majina yao, wala fedha iliyotengwa kwa ajili yao. Katika zama hizo hata huko Ulaya serikali hazikuona kwamba jambo hilo lawahusu.

Sasa angalieni gurudumu linavyozunguka. Waliowashinda wafumi wa ulimwengu kwa mashine zao, wao wenyewe walifikiwa na zamu. Mwaka 1913 viwanda vya Uingereza, ambavyo vingi vilikuwa katika wilaya ya Lancashire, viliuza nje kadiri ya yadi milioni 7,000 za nguo za pamba. Hapakuwa na taifa lililowakaribia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bara Hindi na Japani walipanua viwanda vyao, na baadaye nguo rahisi za Hong Kong, Bara Hindi na Pakistani zikaingia Uingereza kwenyewe. Ilipofika mwaka 1958 nchi ile iliyovika nusu ya dunia ikawa yaingiza nguo za pamba nyingi kuliko ilizouza. Huko Marekani nako, viwanda vya Massachusetts vilipoteza kazi kwanza kwa majimbo ya kusini ya nchi yao wenyewe, kisha nguo za kigeni zikaja kuwapata hata hao wa kusini.

Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: wafanyakazi hawa walikuwa na vyama vyao na kura zao, na majina yao yalikuwa katika daftari la kiwanda. Kwa hiyo serikali zao zilisikia.

Uingereza ilitunga Sheria ya Viwanda vya Pamba ya mwaka 1959. Serikali ilikubali kwamba viwanda ni vingi kuliko kazi iliyopo, ikawalipa wenye viwanda sehemu kubwa ya fidia kwa kuvunja mashine za zamani. Karibu nusu ya vyuma vya kusokotea uzi vilivunjwa. Lakini sheria iliweka sharti: fidia hiyo haitatolewa mpaka pawe na mapatano ya kuwalipa wafanyakazi watakaoachishwa. Sharti hilo ni dogo kwa maneno, lakini lina maana. Bila hilo, mwenye mashine angelipwa kwa chuma chake, na mwenye mikono asingelipwa kwa mikono yake.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1962, wakati wa Rais John Kennedy, ilipitishwa sheria ya kupanua biashara na nchi za nje. Serikali ilitaka kupunguza ushuru ili biashara ikue, nayo ilijua kwamba wako raia watakaoumia kwa ajili ya faida ya wengine. Basi katika sheria ile ile waliweka msaada kwa wafanyakazi hao. Huo si sadaka. Ni kama mtu anayepitisha barabara katika shamba la jirani: barabara itawafaa watu wote, lakini mwenye minazi iliyokatwa hana budi alipwe.

Msaada huo ulikwendaje? Wafanyakazi wachache wa kiwanda, hata watatu, au chama chao, walipeleka maombi kwa Wizara ya Kazi. Wizara ilichunguza kama kweli bidhaa za nje ndizo zilizosababisha kupunguzwa kwao. Ikithibitika, hati ilitolewa kwa kundi zima. Kisha kila mmoja alikwenda afisi ya kazi iliyo karibu naye. Hapo aliweza kulipiwa mafunzo ya kazi nyingine, na kupewa posho ya kila wiki wakati akijifunza. Katika miaka ya baadaye posho hiyo iliweza kuendelea hata wiki 130. Aliweza pia kusaidiwa gharama za kwenda kutafuta kazi na kuhamia mji mwingine. Baadaye likaongezwa jambo lingine la busara: mtu wa miaka 50 au zaidi akikubali kazi yenye mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza, alilipwa nusu ya tofauti kwa muda. Waliona kwamba mtu mzima hafundishwi ufundi mpya kwa urahisi kama kijana, na kwamba ni afadhali afanye kazi ndogo kuliko akae bure.

Mtu akisikia hayo atasema: Alhamdulillahi, maradhi yamepata dawa. Lakini dawa ile ilikuwa na kasoro, nasi yatupasa kuzijua ili tusizirudie. Masharti ya kwanza yalikuwa magumu mno, hata tangu 1962 mpaka karibu na mwisho wa 1969 hapakukubaliwa ombi hata moja la wafanyakazi. Sheria ilikuwapo kitabuni, nayo haikumlisha mtu. Mwaka 1974 masharti yalilegezwa, ndipo watu walipoanza kuingia. Kasoro ya pili ni kwamba si rahisi kuthibitisha kazi imekufa kwa sababu gani. Kiwanda chaweza kufungwa kwa sababu ya bidhaa za nje, na mashine mpya, na deni, na uongozi mbaya, yote kwa pamoja. Wataalamu watatu, David Autor, David Dorn na Gordon Hanson, walieleza mwaka 2013 jinsi bidhaa kutoka China zilivyopunguza kazi za viwandani katika wilaya nyingi za Marekani. Waliona kwamba fedha iliyowafikia watu wa wilaya hizo kwa njia ya malipo ya ulemavu, ya matibabu na ya uzeeni ilikuwa nyingi kuliko ile ya mpango uliowekwa makusudi kwa ajili yao. Hatimaye muda wa mpango huo uliisha tarehe 1 Julai 2022 pasipo kuongezwa, na maombi mapya hayakuthibitishwa tena. Ulaya nayo ilianzisha mfuko wake wa namna hii mwaka 2007, unaosaidia makundi ya wafanyakazi walioachishwa kwa pamoja.

Tumezunguka ng'ambo vya kutosha. Turudi Afrika ya Mashariki.

Baada ya uhuru nchi zetu zilijenga viwanda vya nguo ili pamba yetu isipelekwe nje na kurudi kama kanga. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza palikuwa na Mwatex, na Musoma palikuwa na Mutex. Kenya walikuwa na Kicomi huko Kisumu na Rivatex huko Eldoret. Kwa muda viwanda hivyo vililindwa: bidhaa za kigeni zilizuiwa au kutozwa ushuru mkubwa. Lakini viwanda vyenyewe vilikuwa na udhaifu. Umeme ulikatika, vipuri havikupatikana kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, na madeni yaliongezeka. Katika miaka ya 1980 mwanzoni, wengi wenu mnakumbuka au mmesikia, hata kipande cha nguo na cha sabuni kilikuwa adimu dukani.

Mwaka 1984 serikali ya Tanzania ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mwaka 1986 ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango mpya wa uchumi. Nguo zikarudi madukani, na pamoja nazo mitumba. Mtu aliyekuwa akitembea na shati lenye viraka aliweza kununua shati zima. Hiyo ni faida, wala haifai kuibeza. Lakini viwanda vilivyokuwa tayari vimechoka havikuweza kusimama. Kimoja kimoja vikapunguza watu, vikafungwa au kuuzwa. Rivatex ilifungwa, ikakaa kimya mpaka Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Ile hesabu ya mkeka imejirudia, ila kwa ukubwa wa nchi nzima.

Je, serikali yaweza kufanya nini? Njia ya kwanza ni kuizuia bidhaa mlangoni. Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia huko Arusha kupunguza mitumba mpaka iishe katika muda wa miaka 3. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 serikali hiyo ikaanza kuchunguza kama nchi zetu zistahili kuendelea kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na tangu mwisho wa Julai 2018 ikanyimwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nchi ndogo haiwezi kufunga mlango bila kwanza kuhesabu nani atafunga wake. Hata hivyo mlango waweza kusogezwa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ulioanza mwaka 2005, ulitoza bidhaa nyingi zilizokamilika 25 kwa mia. Tangu Julai 2022 baadhi yake, na nguo zikiwamo, zimewekewa 35 kwa mia.

Lakini ushuru una bei yake. Hulipwa na kila anunuaye, na anayeumia zaidi ni maskini, kwa maana sehemu kubwa ya fedha yake huishia katika chakula na mavazi. Tena ushuru humlinda mwenye kiwanda. Kama mfanyakazi naye atalindwa, hilo hutegemea mwenye kiwanda. Ndiyo sababu pana haja ya njia ya pili, ya kumsaidia mtu mwenyewe.

Katika nchi yetu hapana mfuko uliowekwa makusudi kwa wale waliopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje. Ziko sheria zinazomwangalia mtu aliyepoteza kazi kwa sababu yo yote isiyokuwa kosa lake. Hapo lazima tutenganishe mambo mawili, maana kazi na ajira si jambo la Muungano. Afanyaye kazi Unguja au Pemba hufuata Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, na akiba yake huwekwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Lakini vijana wetu wengi wamevuka bahari kwenda Tanga na Dar es Salaam. Hao hufuata sheria ya Bara, nami nitaieleza kwa mfano.

Tumfikirie kijana mmoja, tumwite Juma, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Dar es Salaam miaka 9 kamili, mshahara wake shilingi 312,000 kwa mwezi. Mwenye kiwanda anaona hauzi tena kama zamani, naye ataka kupunguza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao: nani apunguzwe, kwa kanuni gani, na kama iko njia ya kuepuka. Hawezi kubandika karatasi langoni asubuhi na jambo likaisha. Juma apewe notisi, nayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi isipungue siku 28. Tena alipwe kiinua mgongo, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutimiza, ila isizidi miaka 10.

Tupige hesabu. Juma hufanya kazi siku 6 kwa juma, basi mshahara wa siku moja ni shilingi 312,000 kugawanywa kwa 26, yaani shilingi 12,000. Miaka 9 mara siku 7 ni siku 63. Siku 63 mara shilingi 12,000 ni shilingi 756,000. Hicho ndicho kiinua mgongo chake.

Jambo la pili ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Bara. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilileta fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechanga muda usiopungua miezi 18, akaachishwa pasipo kuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa kadiri ya sehemu moja katika tatu ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Kwa Juma ni shilingi 104,000 kila mwezi, yaani shilingi 624,000 kwa miezi 6. Ukijumlisha na kiinua mgongo, apata shilingi 1,380,000. Hiyo haifiki mishahara ya miezi 5. Basi fedha hii haimtajirishi mtu, wala haitamlisha mpaka uzeeni. Kazi yake ni kumpa nafasi ya kupumua ili asiuze kitanda na cherehani juma la kwanza, na apate muda wa kutafuta njia nyingine.

Sasa angalieni ni nani aliyebaki nje. Kibarua anayelipwa jioni na ambaye hakuandikishwa, hana kiinua mgongo wala fao. Mtu ambaye mwajiri alikata fedha katika mshahara wake asiipeleke katika Mfuko, huenda akajua siku ile aihitajipo. Na yule bibi wetu wa mkeka, aliyeanza mazungumzo haya, hana mwajiri kabisa. Sheria humwona mtu aliye na jina katika daftari tu. Kwa hiyo swali kubwa kwa nchi kama yetu si kiasi gani cha fedha kitolewe, bali ni nani ahesabiwe. Marekani walishindwa kumfikishia msaada mfanyakazi aliyekuwa na karatasi zote. Itakuwaje kwa mtu asiye na hata moja?

Sisi watu wa Pemba tuna sababu nyingine ya kulifahamu jambo hili. Zamani mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu alikuwa Indonesia, ambako huchanganywa na tumbaku katika sigara zao. Indonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka vibaya. Mnunuzi alikuwa amegeuka mkulima. Hapakuwa na kiwanda kilichofungwa, lakini hasara iliingia katika kila nyumba kisiwani. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ilipandisha bei anayolipwa mkulima mpaka shilingi 15,000 kwa kilo, na huo nao ulikuwa msaada wa serikali kwa watu waliotegemea biashara ya nje. Pale Wawi, Chake Chake, kiwanda cha makonyo kilichojengwa mwaka 1982 hukamua mafuta katika vile vikonyo ambavyo mtu angeweza kuvitupa. Hilo latufundisha kwamba msaada mwema hauishii katika kumpa mtu fedha: humtafutia pia kitu kingine cha kuuza.

Ndiyo maana mafunzo ni nusu ya msaada. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vituo vya mafunzo ya amali viko hata hapa kwetu, kama kile cha Vitongoji, ambapo mtu aweza kujifunza useremala, umeme, ushoni na ufundi mwingine. Lakini mafunzo nayo yana sharti lake. Ukiwafundisha watu 40 ushoni katika mji wenye kazi ya washoni 5, umewafundisha 35 kukata tamaa. Kabla ya kumfundisha mtu, iulizwe kwanza ni kazi gani inayohitajika. Na wakati akijifunza, watoto wake wale nini? Hapo ndipo posho na mafunzo havitenganiki. Posho bila mafunzo huisha kama maji katika mtungi uliopasuka. Na mafunzo bila posho ni ya yule tu mwenye mtu wa kumlisha.

Basi nimalizie kwa maneno machache ya manufaa kwa kila mmoja wetu, hasa kwa wanafunzi watakaokwenda kutafuta kazi mbali. La kwanza, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiajiriwa, omba mkataba wa maandishi, uuweke mahali pakavu, na karatasi za mshahara kadhalika. La pili, usingoje siku ya kuachishwa ndipo uulize habari za mchango wako; nenda afisi ya Mfuko kila mwaka, ulize kama fedha yako imefika. La tatu, jiunge na chama cha wafanyakazi, maana katika habari zote nilizowaeleza, serikali zilisikia pale watu waliposema pamoja. La nne, ukiwa na kazi, jifunze na nyingine. Akiba haiozi, na ufundi ni akiba ambayo hapana bidhaa ya ng'ambo iwezayo kukunyang'anya yote.

Na kwa sisi tununuao, nina neno moja. Sikuambii uache mkeka wa plastiki, wala shati la mtumba. Lakini unapofurahia bei nafuu, kumbuka kwamba yuko mtu fulani aliyelipa sehemu ya bei ile, na hukumwona dukani. Serikali ikitoa fedha ya kodi kumsaidia mtu huyo asimame tena, usiseme kwamba anapewa bure. Sehemu ya fedha ile ni ile nafuu uliyobaki nayo mfukoni.